Asubuhi Inaanguka, Jioni Inapita

Editha alinipigia simu siku tatu baada ya mazishi. Alisema baba yake amepumzika, wamemzika hapo hapo mtaani kwao Nsemulwa, na kwamba kuna sanduku ambalo marehemu aliagiza apewe Rehema wa mashine. Rehema wa mashine ni mimi. Nina watoto wakubwa sasa, na kompyuta imeniharibu macho, lakini miaka ile nilikuwa mpiga taipu, na mtu pekee aliyeniita hivyo alikuwa baba yake, Mzee Kasiano. Nilipanda basi kwenda Mpanda nikiwa nimekunjamana kama nguo ya mtumba, nikafika nyumba ile ile niliyowahi kupanga kwake, ukuta ule ule ila sasa umepigwa plasta, na Editha akanitandikia mkeka kwenye chumba cha mbele. Hatukuwa tumeonana tangu mwaka nilioishi humo. Tulilia kidogo, tukaacha. Kisha akaburuta sanduku la mbao lililofungwa kamba ya katani kwa mafundo ambayo vidole vyangu havikuyaweza. "Sijui hata alikuwa anatunzia nini madude haya," alisema. "Mtu kafukuzwa kazi kwa kulala, halafu anakaa anacheza na treni ya watoto. Sie kule Kasansa tulikuwa tunasemwaga nayo hiyo, dada. Mwanangu mkubwa alipigana shuleni kwa ajili ya usingizi wa babu yake." Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja maradhi ya ukoo. Kisha akaenda uani kuwasha jiko, akaniacha na sanduku.

Nilifika Mpanda katikati ya miaka ya tisini, nikiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, na barua ya ajira iliyokunjwa mara nne ndani ya Kurani ndogo. Kutoka Tanga hadi kule ilikuwa safari ya siku kadhaa, na treni ilipoishia niliona kweli imeishia, reli zenyewe zimekatika na mbele hakuna kitu ila nyasi. Ofisini walinipa mashine kubwa ya taipu iliyokuwa na herufi moja mbovu, na wenzangu wawili, akina mama watu wazima wa Kifipa, ambao waliongea lugha yao mpaka nikiingia, wakanyamaza, wakanisalimia vizuri kabisa, wakaendelea kunyamaza. Hawakuwa wabaya. Hata leo sijui wangefanya nini tofauti. Lakini nakumbuka kwamba kuna wiki nilifika Ijumaa nikagundua sijamwambia mtu neno lolote zaidi ya shikamoo, ndiyo na asante, na nilipojaribu kuimba peke yangu nikifua nguo sauti ilitoka ikikwaruza kwa kukaa bila kazi.

Chumba nilichopanga kilikuwa cha Mzee Kasiano. Kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha la mbao, na ukuta ambao haukufika kwenye bati, hivyo kila kilichosemwa chumba cha mbele nilikisikia kitandani kwangu. Jioni ya kwanza nilisikia mlio wa kukereza, kama mtu anavyotia saa ufunguo, kisha chuma kidogo kikikimbia juu ya chuma, kisha mzee akisema kwa upole, "Umepita tena? Haya, basi." Nilidhani ana mjukuu. Alikuwa peke yake. Mkewe alishafariki, Editha alishaolewa Kasansa, na juu ya meza ya mbao iliyojaza chumba kizima alikuwa ametandaza reli za bati, duara moja lenye tawi, na juu yake kichwa cha treni cheusi chenye urefu wa kiganja kikivuta mabehewa matatu. Ilikuwa treni ya kutia ufunguo. Chuo alichojifunzia kazi waliitumia kufundishia, na walipotaka kuitupa yeye aliomba.

Kazi aliyojifunza ilikuwa ya kugeuza pointi, yaani pale njia moja ya reli inapogawanyika kuwa mbili. Aliponionyesha alikuwa na subira ya mwalimu. Pale kwenye mgawanyiko kuna vyuma viwili vyembamba vinavyosogea, aliviita ndimi. Ukivuta wenzo, ule mkono wa chuma wa pembeni, ulimi mmoja unaachana na reli na mwingine unaibana reli yake sawasawa, na treni inafuata huko. "Ubane, mama," aliniambia, maana aliniita mama kama wazee wa kule wanavyowaita mabinti. "Ukibaki upenyo wa kidole tu, gurudumu linaingia kati. Hapo treni haina njia tena." Miaka michache nyuma, kwenye kituo kidogo porini ambako yeye ndiye aliyekuwa zamu, treni ya mizigo iliingia alfajiri moja ya mwezi wa saba na kichwa kikashuka relini juu ya pointi yake. Hakuna aliyeumia. Magunia ya tumbaku yalimwagika. Wakubwa walifika saa sita mchana, wakavuta wenzo mara nyingi, na kila mara ulimi ulibana vizuri kabisa. Pointi haina kosa, wakasema, kwa hiyo mzee hakuigeuza, kwa hiyo alikuwa amelala. Wakaandika kwenye faili maneno mawili, "alilala kazini," wakamrudisha nyumbani.

Yeye aliniambia hakulala. Aliniambia siku ya kwanza, tukiwa tunakula maharage na ugali kwenye sinia moja, na aliniambia tena karibu kila wiki, kwa maneno yale yale: aligeuza, akasikia uzito wa wenzo ukianguka, akainua taa ya kijani. Alitaka jambo moja tu kabla hajafa, na alilisema bila aibu. Alitaka maneno yale mawili yafutwe. Ndiyo maana ya treni ile. Kama angeweza kuonyesha kwamba kichwa kinaweza kushuka kwenye pointi iliyogeuzwa vizuri na mtu aliye macho, angeandika barua ya rufaa, na mimi ndiye ningeipiga. Nilikubali haraka kuliko heshima inavyotaka. Nilikuwa nimepata mtu wa kuongea naye.

Basi mwaka ule nilijifunza kuangusha treni. Kazi yetu ilikuwa ya ajabu: wengine wangefurahi ikipita, sisi tulihuzunika. Mwezi wa tatu na wa nne ilipita kila siku. Mzee alitia ufunguo mpaka mwisho ili ikimbie sana, ikapita. Alichukua sahani ya maji akaiweka chini ya reli kuona kama meza imeinama, akainyanyua upande mmoja kwa vipande vya kandambili, ikapita. Alikata kipande cha tete kupima nafasi kati ya magurudumu, akakuta la mbele limeingia ndani kidogo, akashangilia, tukatia ufunguo, ikapita. Mimi niliandika kila jaribio kwenye daftari kwa mistari minne, kwa kuwa mpiga taipu hajui kukaa bila jedwali. Na kila jioni, kazi ikiisha, alichovya unyoya wa kuku kwenye kikombe cha mawese, akazipaka ndimi mafuta taratibu, mbele na nyuma, kama anavyopaka mtu kidonda. "Pointi kavu ni aibu," alisema. Akanieleza kwa fahari kwamba kule porini mafuta ya kazi yalikatika miezi mingi, wenzake wa vituo vingine wakaacha pointi zao zikauke zipige kelele, ila yeye alitumia mawese ya kwake mwenyewe. Alipika mboga bila mafuta ili pointi ipate. Nilimpenda sana aliposema hivyo. Nililiandika na hilo kwenye daftari, ingawa halikuwa na mstari wake.

Mwezi wa sita baridi ilianza. Watu hawaamini nikisema Mpanda kuna baridi, lakini asubuhi za mwezi ule nilikuwa nakwenda msalani nimejifunga kanga mbili. Asubuhi moja, nikiwa navaa viatu vya kazini, nilisikia kishindo kidogo mezani na mzee akapiga kelele. "Mama! Imeanguka! Njoo uone, imeanguka yenyewe!" Kichwa kilikuwa kimelala ubavu juu ya pointi, magurudumu bado yanazunguka hewani. Tulicheka mpaka machozi. Kesho yake ikaanguka tena, na keshokutwa. Jioni moja alimwita mzee mwenzake wa relini aje ashuhudie. Nilitengeneza chai ya tangawizi, mgeni akakaa, mzee akatia ufunguo mara ishirini, na mara ishirini treni ikapita bila hata kutikisika. Mgeni alimaliza chai yake, akasema, "Kasiano, pumzika bwana," akaaga. Asubuhi ilikuwa imeanguka tena. Jedwali langu lilionyesha wazi, asubuhi inaanguka, jioni inapita, na sisi wawili tuliliangalia kama watu wanaosoma barua ya lugha wasiyoijua.

Mwishowe alichoka kusubiri, akaamua lawama ni ya gurudumu la mbele. Niliipiga barua ofisini wakati wa chakula cha mchana, nakala mbili, akina mama wale wakinitazama pembeni. Ilisema kwamba siku ile alikuwa macho, kwamba aligeuza pointi kwa mkono wake baada ya kuipaka mafuta jioni yake kama ilivyo kawaida, na kwamba magurudumu ya kichwa kile huenda yalikuwa yamechakaa. Alitia saini Jumamosi. Jumatatu angeiposti.

Jumapili alikwenda kanisani. Mimi nilitaka kupika kisamvu. Jirani yetu Mama Bukuru, ambaye wazazi wake walitoka Burundi naye akazaliwa hapa hapa, alikuwa ameniuzia chupa ya mawese, na nilipoiinamisha hayakutoka. Yalikuwa yameganda, rangi ya chungwa, mazito kama siagi. Nilitikisa, nikapiga kitako cha chupa. Mama Bukuru alikuwa akipita na ndoo, akanicheka. "We binti wa Pwani! Unayapiga yamekukosea nini? Yaanike juani. Baridi hii yanagandaga mpaka saa tano, saa sita, halafu yanakuwa maji yenyewe."

Niliisimamisha chupa juani, nikarudi ndani kuchukua kisu, nikapita karibu na meza, nikasimama. Sikutaka kuelewa. Nilikwenda nikagusa ulimi wa pointi kwa ncha ya kidole, kikatoka na uji wa rangi ya chungwa uliochanganyika na vumbi la miezi. Nililowesha kitambaa mafuta ya taa, nikazipangusa ndimi mpaka zikang'aa, nikatia ufunguo. Treni ikapita. Mara kumi ikapita, na ilikuwa bado asubuhi, bado baridi. Kisha nikachota kwa unyoya mawese yaliyoganda kwenye kikombe chake, nikapaka kama alivyopaka yeye. Nikavuta wenzo. Ulianguka kwa mlio wake wa kawaida kabisa, ila nilipoinama nikauona ule upenyo, mwembamba kama unene wa kucha. Kichwa kikaja, kikapanda, kikalala. Nikaona kituo cha porini, alfajiri ya mwezi wa saba, mzee akiwa macho na taa yake ya kijani. Nikaona wakubwa wakifika saa sita, jua limeshayayeyusha, wakivuta wenzo na ulimi unabana. Hakulala. Treni iliangushwa na mawese yale aliyojinyima mwenyewe, na hao wenzake wenye pointi kavu zenye kelele treni zao zilipita salama.

Nilipangusa tena haraka. Alirudi akiwa amevaa koti lake la Jumapili, akasimama mlangoni, akavuta hewa puani. "Umeigusa pointi, mama?"

"Nilikuwa nafuta vumbi tu, baba."

Alisogea mezani. Alinusa kitambaa. Alitazama ndimi zilizong'aa, akatazama unyoya niliousahau juu ya daftari badala ya kikombeni, akatazama nje kupitia mlango ulio wazi, kwenye chupa yangu iliyosimama juani, nusu imeyeyuka na nusu bado. Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni. Ningeweza kumwambia, umesafika jina, hukulala, halafu ningelazimika kumalizia. Nilimfikiria akipika mboga bila mafuta. Nikafunga mdomo. Yeye akasema, "Sawa. Kisamvu kimeiva?" Kilipoiva tulikula, na kilikuwa kisamvu kizuri, nakumbuka hilo kwa uchungu mpaka leo.

Jumatatu aliniambia barua imekwenda. Akazifungua reli moja moja, akazitia kwenye sanduku, akasema kazi ya treni imekwisha. Nilidhani amepata amani, na nilidhani amani ile imesimama juu ya ukimya wangu, kwamba nikikosea neno moja itaanguka. Kuanzia hapo nikaanza kumkwepa. Nilikula ofisini, niliingia kwa mlango wa uani. Siku za treni nilimwona akitoka asubuhi na mapema, kitambaa kimekunjwa kwapani, akielekea stesheni, na nilijua anakwenda kuulizia jibu. Jibu halikuja. Kila aliporudi nilimwuliza, "Vipi, baba?" naye akajibu, "Bado, mama, iko njiani." Upweke wa kufika mahali usipojulikana niliuzoea. Huu wa kukaa ukuta mmoja na mtu unayempenda huku umeshika kitu chake mkononi, huu sikuuweza. Niliomba uhamisho. Mwezi wa kumi na mbili alinibebea begi mpaka behewani, akanipa mkono, na treni ilipoondoka sikumwona akipunga. Alikuwa amesimama penye pointi, ameinamisha kichwa, anaangalia magurudumu yakipita. Nilimwandikia barua mbili za Krismasi. Ya tatu sikuiandika, kwa kuwa ningelazimika kuuliza kama jibu limefika.

Editha alirudi na chai na kisu cha jikoni. Tulikata kamba. Ndani kulikuwa na kichwa cheusi, mabehewa matatu, reli zimefungwa kwenye gazeti. Pointi ilikuwa imefungwa peke yake kwenye flana, na ilikuwa safi, kavu, bila tone la mafuta. Chini kabisa ilikuwa bahasha. Niliitambua kwa ile herufi mbovu kabla sijaifungua. Barua yangu, nakala zote mbili, haikuwahi kwenda popote. Aya ya magurudumu ilikuwa imechorwa mstari. Na pale nilipopiga "baada ya kuipaka mafuta jioni yake," alikuwa ameongeza juu ya mstari, kwa kalamu, kwa mwandiko wake, "ya mawese." Pembeni aliandika siku: Jumatatu.

Nilikaa na karatasi ile mapajani. Alijua. Alijua tangu alipokuwa mlangoni na koti lake la Jumapili. Miezi mitano tuliishi chini ya bati moja, kila mmoja akimficha mwenzake kitu kile kile, mimi nikimwonea huruma yeye, yeye akinionea huruma mimi, na hakuna hata siku moja tuliyokaa mezani tukalia pamoja. Nilimwuliza Editha kama anajua baba yake alikuwa anakwenda stesheni kufanya nini siku za treni.

"Si alikuwa anapangusa pointi," alisema, akishangaa kwamba sijui. "Na kitambaa chake na chupa ya mafuta ya taa. Miaka na miaka, mpaka miguu ilipomkatalia. Hakuna aliyemtuma. Wale vijana wa stesheni walimwachaga tu, wakijua ni mzee anajifurahisha."

Nikampa barua. Editha husoma polepole, kwa midomo. Alifika mwisho, akarudi juu, akaweka kidole kwenye yale maneno yaliyoongezwa, na mimi nikamweleza yote, chupa, jua, unyoya, wakubwa waliofika saa sita. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu. Nilipomaliza chai ilikuwa imepoa, na yeye alikuwa bado ameshika karatasi.

"Yaani hakulala?"

"Hakulala, dada."

"Alikosea, lakini hakulala."

"Ndiyo."

Aliiweka barua juu ya mkeka, akaipapasa kuinyoosha. Kisha akachukua simu, akatafuta namba ya mwanawe mkubwa, yule aliyepigana shuleni, ambaye sasa ni mtu mzima na ana watoto Sibwesa. Mwanawe aliipokea alipopiga mara ya pili.

"Babu yako hakulala," Editha alimwambia, kabla hata ya salamu.